Samaki Wote Waingie Frigo Yangu

Jumatatu, 2 Aprili 2001

Mke wangu Katungu amesema. Amesema asubuhi, mbele ya kaka yake Eddy, mimi bado nina dawa ya meno mdomoni. Kama frigo yetu haijajaa samaki mpaka Pasaka, basi Jumatatu ya Pasaka Eddy ataibeba na kutuachia baiskeli. Baiskeli! Ya toleka, ya kubeba abiria! Kiti cha sponji nyuma kimeshashonwa, kina maua. Mimi, Nzanzu, niliyekuwa nalisha nusu ya mtaa wa Tshopo, nipige kengele barabarani nikibeba mama za watu hadi Mangobo!

Eddy alikuwa anacheka. Ana toleka nyingi na sijawahi kumwona akikanyaga pedali. Alizunguka frigo, akaipiga kofi ubavuni, akasema itafaa kwa bia. Nikamwambia hii ni frigo ya mpiodi, samaki wa baharini, haijawahi kunusa bia. Katungu akajibu kwamba hata mpiodi haijanusa tangu vita vifunge mto na meli za Kinshasa ziache kupanda. "Papa Olga, ile frigo iko kabati ya viatu," akaniambia.

Uongo. Ndani mna viatu vyangu vya Misa, ndiyo, lakini na unga pia.

Nimeamua. Frigo haitoki humu ndani. Andika, kalamu: haitoki!

Jumanne, 3 Aprili

Nimefikiri mchana kutwa. Kichwa kinachemka.

Nakumbuka makartoni ya mpiodi kabla ya vita. Zamani samaki mmoja alikuwa na urefu wa mkono hadi kiwiko. Baadaye kiganja. Mwishoni wakawa wa kutia huruma, macho makubwa, mwili hakuna. Wateja walinung'unika. Na bei? Ikapanda! Kadiri samaki walivyopungua, ndivyo bei ilivyopanda, na kadiri walivyokuwa wadogo, ndivyo vichwa vilivyozidi ndani ya kartoni, na watu wananunua kwa kichwa. Kumbe! Samaki wakipungua, mfanyabiashara ananenepa. Wakiisha kabisa, anakuwa mfalme. Sharti moja tu: wale wa mwisho wawe ndani ya frigo yake.

Hii ni économie. Nimeigundua mwenyewe, bila shule.

Kosa dogo: nilimweleza Sefu. Sefu anauza chumvi na samaki wakavu mbele ya meza yangu sokoni. Ukoo wake unafanya biashara mji huu tangu enzi za babu wa babu yake, na ananikumbusha kila siku, kana kwamba mimi nimeshuka jana kutoka Butembo na jani la kitunguu mdomoni. Alisema shemeji yake alifanya kazi kwenye meli za baharini. Eti wana nyavu za kumeza kathedrali nzima na mnara wake. Eti kila nahodha anasema: tukiacha sisi, wale watachukua. Donc samaki hapati nafasi ya kukua. Nikamjibu kwamba bahari ni ya Mungu, haina mwisho. Akauliza, sasa mbona mpiodi ilikuwa inapungua? Nikamwambia haelewi commerce.

Akanimiminia chai, akatazama upande wa mto. Sikupenda alivyotazama.

Bahari iko mbali, lakini mto uko hapa. Ijumaa Kuu Wakatoliki wote lazima wale samaki. Nitavua kila kitu kinachoogelea Tshopo kabla ya siku hiyo. Watakuja kwangu. Watapanga mstari mpaka kwenye mlango wa Eddy!

Alhamisi, 5 Aprili

Nimekwenda Mokeli. Ni kijito kinachoingia mto Tshopo, chini ya mtaa. Maji yameanza kupanda, na mdomo wa kijito umefungwa. Kwa nini? Kwa tawi! Tawi moja la mchikichi, limelazwa juu ya nguzo mbili, limefungwa fundo kwa kitambaa cha bluu. Hakuna mlinzi. Na hakuna hata mtumbwi mmoja ndani! Samaki wanarukaruka humo bila aibu.

Bwana wa mahali pale anaitwa Lukumani. Anataka aitwe Président, basi nikamwita Président, nikampa na sigara. Akaniambia maji yakianza kupanda, samaki wanaingia Mokeli kutaga mayai, donc wavuvi wanafunga. Tawi linakauka taratibu, linaanguka lenyewe. Siku likianguka, ni wazi kwa kila mtu, familia zote zinashuka asubuhi ileile. Ndivyo walivyofanya baba zake. Nikauliza kama anaweza kunifungulia mimi peke yangu, kidogo tu, kwa pembeni. Alitupa sigara yangu majini.

"Mama samaki iko na mimba!" alipiga kelele. "Wewe unapigaka mama mwenye mimba?"

Watu waligeuka kunitazama. Nikaondoka. Aibu, ndiyo, lakini nimepima fundo hilo kwa macho. Fundo la kawaida kabisa.

Jumamosi, 7 Aprili

Wavu wangu wa zamani ni mzuri, ila matundu yake ni makubwa. Nimetoa chandarua cha kitandani na kukishona chini yake. Katungu ameuliza mbu atalala wapi. Nikamwambia ni siku chache tu, na mbu wa Kwaresima ni wapole. Amechukua mto wake, amehamia chandarua cha binti yetu Olga. Sawa. Mtu mwenye mpango analala peke yake.

Halafu, saa ya kuoga, wazo! Lilinijia na sabuni machoni. Kesho ni Jumapili ya Matawi. Mji mzima utakata matawi. Watoto wa parokia wanang'oa hata ya uzio wa jirani. Tawi la Lukumani likipotea, nani atashangaa? Atalaumu watoto! Nitalichukua alfajiri, nitaingia nalo kanisani, padri atalibariki pamoja na mengine, ushahidi umekwisha. Misa ikitoka, mimi wa kwanza Mokeli.

Nilicheka peke yangu bafuni mpaka Katungu akagonga mlango.

Jumapili ya Matawi, 8 Aprili

Nitaandika kwa mpangilio, jambo baada ya jambo.

Tawi nimelichukua. Rahisi! Nikaingia kwenye maandamano, kifua mbele. Padri Wenceslas akamwaga maji ya baraka, mengine yakaniingia sikioni. Tukaimba. Tukaingia. Paa la kanisa bado lina matundu ya mabomu ya mwaka jana, jua likanipiga palepale niliposimama, na tawi langu likang'aa kuliko yote. Nilijiona kama niko kwenye picha takatifu.

Kisha somo la Mateso. Yesu Maria, nilisahau kwamba siku hii wanasoma Mateso yote! Tumesimama. Petro anakana. Bado tumesimama. Jogoo anawika. Nawaza samaki.

Ndipo nikasikia pumzi shingoni. Lukumani! Nani alijua yeye ni Mkatoliki? Alikuwa nyuma yangu tangu mwanzo, ndani ya suti, anatazama tawi langu. Nikatazama na mimi. Kitambaa cha bluu! Sikufungua fundo! Nilitembeza fundo lake mtaa mzima, likabarikiwa!

Alingoja Misa iishe. Nje, alisema. Mbele ya wamama wote wa Legio ya Maria. Aliniita mwizi, akaniita muuaji wa mimba, sauti kama ya kwenye mpira. Halafu sauti ikakatika. Akaniuliza, taratibu sasa, watoto wake watakula nini mwezi wa sita. Nilisema ningemgawia. Hakunisikia.

Wakati huo ndipo alipofika binti mmoja mbio, mguu mmoja bila kandambili. Tawi limeanguka Mokeli! Ni wazi! Waislamu wote wa mtaa, watu wa vikanisa vidogo, kila asiyekuwa na Misa leo, wako majini tangu asubuhi. Na wa mbele kabisa?

Sefu. Kumbe nilipokuwa nasimulia économie yangu Jumanne, yeye alikuwa anasuka wavu kichwani.

Nikamgeukia Lukumani, nikamwambia tukimbie tuwazuie. Alikuwa ameshavua koti. Alikuwa analia na kukunja suruali kwa wakati mmoja. "Nikiacha miye, wao batakamata yote," akasema. Akakimbilia wavu wake.

Mimi vilevile.

Jumatatu, 9 Aprili

Mokeli imejaa watu kuliko soko. Nyavu, vikapu, mabeseni, suruali zilizofungwa miguu. Nilipata samaki wengi, wakubwa na wadogo. Lakini nikaona jambo la kuudhi. Sefu anasimama chini yangu kwenye mkondo, na kila samaki anayepita kwenye matundu yangu ya juu anaingia kwake! Mimi navulia Sefu! Nikakimbia nyumbani, nikachukua pazia la sebuleni. Niliporudi, nikasimama chini yake. Mchana alirudi na kitambaa cha shela ya arusi ya mke wake, akasimama chini yangu.

Tulisukumana hivyo mpaka tukafika karibu na mto.

Juu ya njia, askari wa kizuizi wamechagua samaki wakubwa wote. Wamesema ni kodi ya vita. Sikubishana. Wadogo wamebaki, na wadogo ndio wenye vichwa vingi.

Katungu amepasua matumbo hadi jioni, beseni zima ni mayai. Alichota mayai kwa mikono miwili. Akaniambia hawa wote wangekuwa samaki. Nikamwambia mayai hayana bei.

Frigo: nusu!

Jumanne, 10 Aprili

Mkataba. Sefu amekuja mwenyewe na chai. Amesema tunachoka bure, na samaki wanazidi kuwa wadogo tangu jana tu. Tukubaliane: hakuna wavu wenye tundu dogo kuliko kidole. Nikaapa kwa Bikira Maria. Naye akaapa kwa dini yake. Tukashikana mikono, karibu nitoe machozi. Nilijisikia mtu mzima, mtu wa amani, katika nchi ambayo wakubwa wenyewe wanasaini amani asubuhi na kupigana jioni.

Mchana nilipita nyuma ya matete na pazia, kidogo tu, kuhakikisha kwamba Sefu anaheshimu neno lake. Nikamkuta nyuma ya matete yaleyale, na shela.

Muongo yule! Watu kama hao ndio wanaoharibu nchi.

Jumatano, 11 Aprili

IMEJAA! Frigo imejaa mpaka kifuniko hakifungi, nimekalisha mawe juu. Nikamwita Eddy aje aone. Alifungua, akachungulia, akauliza kama ni samaki au ni kucha za watu. Wivu.

Sokoni hali ni mbaya, yaani ni nzuri. Kila mtu anauza vidagaa vya Mokeli. Asubuhi fungu moja lilitoka kwa kikombe cha mchele. Mchana kwa kipande cha muhogo. Jioni Mama Berthe wa pondu alikuwa anatupia wateja wake bure ili wanunue majani yake ya muhogo. Wanauza, wajinga! Mimi siuzi. Waache wamalize. Mokeli yenyewe imekwisha, jana watu walitoka na matope. Ijumaa sokoni hapatakuwa na hata mwiba mmoja, isipokuwa kwangu.

Katungu ameomba tukaushe nusu kwa moshi. Amesema Sefu anakausha, uwanja wake unafuka tangu juzi. Nikamwambia moshi ni kwa watu wasio na frigo. Akasema yeye anaweza kukausha peke yake, nisimsaidie, nimpe tu. Nikakaa juu ya kifuniko mpaka akaacha.

Mwili unauma kidogo. Ni furaha.

Alhamisi Kuu, 12 Aprili

Umeme umekatika asubuhi. Si kitu. Bwawa la Tshopo linakohoa kila wiki na kurudi kabla ya chakula.

Baada ya chakula: bado. Nimefunika frigo kwa magodoro yote. Sifungui. Baridi iliyo ndani inatosha, inakaa yenyewe kama haichokozwi. Olga amesema maji yanatoka chini. Nimemwambia ni jasho la frigo.

Jirani aliyetoka kule kwenye mashine anasema turbine imesimama, wanangoja kipande kutoka ng'ambo ya mstari wa vita. Nimemwomba asiongee kwa sauti karibu na samaki.

Ijumaa Kuu, 13 Aprili

Nilikuwa na HAKI. Naiandika kwanza kabla ya yote mengine, ili isomeke. Nilikuwa na haki! Leo asubuhi soko zima halina samaki. Wamama wa parokia wamezunguka na vikapu vitupu, wanauliza, wanabembeleza. Kwa kichwa kimoja wangetoa nguo mwilini. Kama nilivyosema!

Nikatoa magodoro. Nikaondoa mawe. Nikafungua.

Siwezi kuandika harufu. Mbwa wa jirani alisogea, akarudi. Katungu alifunga kanga puani, akachukua beseni la kwanza, na hilo ndilo lililoniumiza. Angepiga kelele ningejitetea. Alinisaidia kubeba mabeseni mpaka shimoni. Tulibeba safari baada ya safari, mimi na yeye, watu wakifunga madirisha.

Tulipopita sokoni, Sefu alikuwa ameshatandaza meza, anauza samaki wa moshi. Wadogo, wakavu, weusi. Mstari wa Wakatoliki ulifika mbali. Hata Padri Wenceslas alikuwamo. Sefu aliniona na beseni langu. "Pole, patron," akasema. Hakucheka. Ningependa acheke.

Pasaka, 15 Aprili

Amefufuka. Umeme pia umefufuka, leo, wakati wa Gloria. Frigo inaunguruma vizuri, tupu.

Nasikia baridi sana, wakati jua liko juu.

Jumatatu ya Pasaka, 16 Aprili

Malaria. Kali. Naandika nimelala. Mbu wa Kwaresima si wapole.

Eddy amekuja na vijana wa kubeba. Niliikumbatia frigo kwa mikono miwili, blanketi kichwani, nikasema mpaka wanibebe na mimi. Walinitoa pole pole kama mtoto. Katungu alinirudisha kitandani. Amerudisha chandarua pia, amekishona matundu yote, bado kina magamba ya samaki. Akanilaza humo, akaketi pembeni, akanishika paji la uso. Akaniambia hakutaka baiskeli. Alitaka tu kitu kimoja ndani ya nyumba hii kifanye kazi, mimi au frigo. Nililia. Homa pia ilisaidia.

Nimemwahidi. Sikumbuki nimeahidi nini, lakini ilitoka moyoni.

Jumamosi, 5 Mei

Nimepona. Miguu imekuwa migumu. Napiga kengele vizuri.

Leo, karibu na daraja, mtu amesimamisha toleka yangu. Lukumani. Bila suti, na wavu wake umekunjwa begani. Alinitambua, nikadhani atanipiga. Alipanda tu, kwenye maua. Akasema Mangobo, kwa watu wa matofali, labda watamchukua. Nikauliza habari za Mokeli. Akasema hakuna. Maji yako, mazuri, yamejaa, na hakuna kinachoruka. Watoto wanakula pondu bila kitu. Wavu anauza, kama namjua mtu.

Mlimani nilishuka nikasukuma. Alitaka kushuka, nikamkatalia. Nilitaka kumwambia nisamehe, na nadhani nilisema, lakini lori lilipita. Nilimfikisha, nikakataa malipo. Akasema nimpelekee salamu Katungu.

Njia nzima ya kurudi niliendesha polepole. Niliwaza. Kweli niliwaza! Kosa langu liko wapi? Nilipofika nyumbani nimeshalijua, nimemweleza Katungu, ameenda kukaa nje.

Kosa ni kwamba Mokeli ni ndogo. Unatoa kidogo, imekwisha. Na ina wenyewe, ina Président, ina tawi. Sasa sikiliza: redio imesema wakubwa wanaongea, mto utafunguliwa, meli zitapanda tena kutoka Kinshasa. Na mpiodi! Ya baharini! Bahari haina Lukumani. Haina mlango, hakuna wa kuweka tawi. Mtu anachukua tu, mpaka achoke. Na kama Sefu anasema kweli, kwamba huko wanapungua, ni vizuri zaidi. Bei itapaa!

Ni lazima niwahi kabla wengine hawajaelewa. Kesho, kabla ya Misa, naenda kwa Eddy kumrudishia baiskeli yake na kuomba frigo yangu.

Nitamwomba mbili.